Ijumaa ya Mwisho ya Kriketi Ibra

Mume wangu Musallam alifariki Oktoba ya mwaka 1996, Jumapili baada ya alasiri, na siku ile ile nikaingia eda hapa nyumbani kwetu Ibra, Omani. Miezi minne na siku kumi, kama Mola alivyoamrisha. Sikuona tabu kukaa ndani. Jambo moja tu la dunia nilikuwa nikilitazamia: mechi ya mwisho ya msimu, Ijumaa ya mwisho ya Machi, sisi na timu ya mji wa Sur.

Watu watashangaa kizuka, mjane aliye edani, kuwaza kriketi. Musallam aliianza Unguja akiwa skuli, akaja nayo huku, na kwa miaka kumi na minne yeye ndiye aliyetandika mkeka wa kuchezea juu ya ukanda wa saruji katikati ya kiwanja. Mimi nilikuwa hukaa garini, vioo nusu, chupa ya kahawa miguuni, naandika alama katika daftari. Baada ya msimu ule timu ilikuwa ivunjwe na kiwanja kijengwe nyumba. Khalaf, nahodha wetu wa zamani, alikuwa ameahidi kwamba kabla ya mechi ya mwisho Musallam atasomewa dua pale pale mkekani. Nilitaka niwepo. Na eda ilikuwa iishe mwanzo wa Machi, nafasi tele.

Kisha wakubwa wa ligi wakaanza kuchezea tarehe. Mechi za Ijumaa zikahamishiwa Alhamisi, watu wako kazini. Zikarudishwa Ijumaa, lakini asubuhi, mpaka wachezaji wanakimbilia msikitini na jasho lao. Baada ya Idi nikawasikia wanaume kibarazani, chini ya dirisha langu.

"Zamani msimu ulikuwa msimu," Khalaf alikuwa anasema. "Tende zikishavunwa tunaanza, joto likirudi tunaacha. Hata mbuzi wa mji wa Adam walikuwa wanajua! Sasa kila wiki karatasi mpya."

"Ya khi, ndugu yangu, unasikitikia ratiba," Soud jirani yetu akamjibu, "au huna tena kisingizio cha kumkimbia mkeo Ijumaa?"

Wakacheka. Khalaf hakucheka.

"Cheka wewe. Hata ile ya mwisho wameivuta. Si Machi tena. Ishirini na nane Februari."

Tasbihi ikanisimama mkononi.

Binti yangu Ibtihal anafanya kazi benki. Mwaka ulipoanza alitundika kalenda ya benki jikoni akanizungushia tarehe mbili Machi, siku ya kutoka eda. Tukaitazama pamoja.

"Mama, siku mbili tu," akasema, na machozi yalikuwa yakimlenga. "Wangengoja siku mbili tu!"

Nikamtuma kwa Khalaf, aombe mechi isogezwe. Khalaf akapiga simu, akaambiwa timu zote zimeshaarifiwa. Nikamtuma tena Ibtihal amuulize sheikh. Sheikh akasema eda haivunjwi kwa mchezo. Jibu lile nilikuwa nalijua kabla hajarudi, na nilikuwa radhi nalo.

Ijumaa ile nilisikia magari yakiondoka, honi moja moja. Nikakaa juu ya msala nikamsomea Yasini peke yangu. Karibu na magharibi Khalaf akaita kutoka nje ya ukuta:

"Bi Shukriya! Tumemsomea. Tumefungwa vibaya, lakini tumemsomea. Na pale mnapoegesha gari lenu hakuna aliyeegesha. Soud alisimama mwenyewe kuwafukuza watu."

"Mungu akulipeni kheri," nikamjibu.

Jumamosi akaja Bi Fawziya, mwalimu wa Kurani, tutengeneze mambo ya kutoka eda kesho yake. Akakaa, akanywa kahawa.

"Kwani Musallam kafa mwezi gani?"

"Oktoba, tarehe ishirini."

"Sikuulizi wa kizungu, mwanangu. Mwezi gani?"

"Mfunguo tisa," nikasema. "Mwezi nane, kwa mwandamo."

Akaanza kuhesabu kwa pingili za vidole: Rajabu, Shaabani, Ramadhani, Mfunguo mosi. Miezi minne, mpaka Mfunguo mosi mwezi nane. Akaongeza kumi: mwezi kumi na nane. Akasita, akarudia tena toka mwanzo.

"Leo Mfunguo mosi ngapi?"

"Ishirini na moja."

Mimi nilikuwa nimeshajua. Miezi ya mwandamo ni mifupi kuliko ya kalenda, na eda huhesabiwa kwa mwandamo.

"Umetoka tangu Jumatano, Shukriya."

Na mimi, mwezi ule ule, nilifunga zile siku sita za baada ya Idi kwa kuutazama mwezi, sikukosea hata siku moja. Ila eda yangu nilimwachia mtoto, kwa kuwa yeye kasoma na mimi nimeishia darasa la sita. Sikuihesabu. Wala sikumwambia sheikh tarehe ya kifo. Nilituma kuuliza tu kama ninaweza kutoka kabla.

Mlango ukafunguliwa, Ibtihal akaingia na nguo mpya mkononi.

"Mama, kesho!"

Bi Fawziya akanitazama. Nikatikisa kichwa kidogo tu, akanielewa, akainua kikombe chake.

"Alhamdulillahi," nikamwambia mwanangu.

Mpaka leo sijamwambia, naye ana watoto watatu. Kesho yake alinipaka hina mikononi huku akinisimulia kwamba asubuhi alipita kiwanjani. Mkeka umeshakunjwa na kuchukuliwa, na tingatinga limeegeshwa pale palipokuwa na vijiti vya wiketi.