Vidole Vitatu

Kabla hakujapambazuka nilisikia mkasi sebuleni. Kip. Kimya kidogo. Kip. Nikajitupia shuka mabegani, nikatoka.

Kitindamimba wangu alikuwa ameketi sakafuni, wavu umemfunika magoti, anakata kiraka nilichokiziba mwezi uliopita. Huyu ni baba wa watoto watatu na ndevu zimeanza mvi, lakini aliponiona aliuficha mkasi nyuma ya mgongo, kama alivyokuwa akificha sukari.

"Mama, rudi ulale."

"Kiraka changu kimekukosea nini?"

"Panya wamekitafuna."

"Panya wa nyumba hii wana mkasi?"

Akacheka, kisha akasema ukweli. Jana afisa uvuvi aliupima wavu wake. Kote kulifaa, isipokuwa kwenye viraka sita. Hapo matundu yalikuwa madogo kuliko sheria inavyotaka. Alipoulizwa nani ameziba, akajibu, "Mimi mwenyewe." Afisa akaandika kwamba amepunguza matundu kwa makusudi. Leo saa mbili asubuhi angejua kama ananyimwa leseni msimu mzima.

"Kwa nini hukumwambia ni mimi?"

"Ningesemaje, Mama? Watu wote wanakuletea wewe nyavu zao."

Nimeziba nyavu tangu usichana, na kipimo changu ni vidole vitatu vya mkono wa kushoto. Vikipita pamoja kwenye tundu, limetosha. Nikavitazama kwenye taa. Pete yangu ya ndoa, ambayo zamani haikutoka bila sabuni, siku hizi nimeizungushia uzi isidondoke. Vidole vilikuwa vimekonda, na matundu yalikonda navyo.

Nikakata kadibodi sawasawa na tundu zima la wavu, tukaanza kazi. Hadi saa moja na nusu tulikuwa tumeziba upya viraka vinne. Tukaubeba wavu, tukaenda.

Afisa uvuvi ni binti wa umri wa mjukuu wangu wa kwanza. Alinipa kiti chake, yeye akakalia kreti. Nikamweleza yote, nikamwonyesha pete. Akachukua kipimo chake, kibao chembamba, akakilaza juu ya vidole vyangu taratibu kana kwamba vinauma.

"Kweli vimepungua, bibi."

"Basi niandike mimi. Kosa la huyu ni kumhurumia mama yake."

Akafuta neno "makusudi", akaandika kwamba mshonaji alikosea kipimo. Leseni ikasalimika. Lakini wavu hakuupitisha.

"Viraka viwili bado."

"Viwili tu, dada," mwanangu akabembeleza. "Vidogo kama leso."

"Hata leso inanasa, kaka. Tukimaliza samaki wachanga, wakubwa wale nini? Na ndege je? Wavu ubaki nchi kavu mpaka viishe."

Hakupandisha sauti, wala hakuyumba. Nikampenda kwa hilo. Ila jambo lingine lilikuwa limenikaa kooni.

"Binti yangu, nimeziba na nyavu za majirani. Saba, kama sijasahau."

"Mama!" Kitindamimba akashika kichwa. "Si ungenyamaza?"

"Ninyamaze, nao wakamatwe kwa vidole vyangu?"

Afisa akafunga daftari. "Wenyewe wanajua?"

"Nitawapitia leo, nyumba kwa nyumba. Wakicheka, wacheke."

"Wakizileta kurekebishwa kabla sijazikuta majini, sitawaandikia kosa." Akafungua droo, akanipa kibao kingine cha kupimia. "Hiki kaa nacho. Hiki hakikondi."

Tukacheka wote, hata mwanangu. Jirani wa kwanza niliyempitia alicheka pia, kisha akaubeba wavu wake mwenyewe hadi mlangoni kwangu, akaniuliza kama nina uzi wa kutosha.

Jioni afisa alipita kukagua vile viraka viwili. Akapima kila tundu, akatia sahihi, akanywa chai ikiwa imepoa.

"Kesho uje unipimie huu wa jirani," nikamwambia.

"Nitakuja, bibi."

"Na ukimaliza zote saba, uje tena unywe chai ingali moto. Siku hiyo kibao kiache ofisini."