Ngemo ya Kiingereza

Kufundisha watu wazima Kiingereza, jamani, mtu asikudanganye. Siku ya kwanza niliingia darasani saa kumi kamili, na mpaka namaliza shikamoo za watu kumi na wanne, mmoja mmoja, na kuulizwa mama hajambo, ng'ombe ameshazaa, ilikuwa saa kumi na robo. Mwalimu gani anaanza kwa kuwaamkia wanafunzi wake? Mimi. Hawa binti Ismaili, miaka ishirini na sita, shahada ya ualimu ninayo, ajira sina, mwaka wa tatu huu nasubiri.

Darasa lenyewe lilikuwa ghala la zamani la mboga, hapa Kwai. Mtendaji wa kijiji aliniazima kwa mwezi mmoja, kwa sharti: Ijumaa ya mwisho aje kuhesabu vichwa. Wakifika kumi, ghala ni langu mpaka mwaka uishe. Wasipofika, yanaingia magunia ya mbegu za viazi, na mimi niende Tanga kwa mjomba nikamuuzie dukani. Kila mtu alishaniambia niende. Nikasema siendi. Nimesomea kufundisha, nitafundisha, hata kama wanafunzi wangu wana wajukuu.

Niliyemtegemea zaidi alikuwa Mzee Selemani. Huyu ndiye mpangaji wa ngemo kijijini, zile kazi zetu za kusaidiana: leo wote tunalima kwa huyu, kesho kwa yule, na yeye ndiye anayesema ni zamu ya nani. Akisema njooni, watu wanakuja. Alijiandikisha pamoja na mkwewe Rukia, mke wa mwanawe mkubwa, na hakuficha alichokitaka. Nyumba yake iko kwenye njia ya watalii wanaotembea kwa miguu. Wanampiga picha barazani akinywa chai, akikata kucha, bila hata salamu.

"Nataka sentensi moja tu," aliniambia. "Ya kumwambia mtu aniombe kwanza. Kwa Kiingereza, anielewe."

Sasa sikiliza nilivyoharibu. Wiki ya tatu nikamsimamisha, akasema sentensi yake mbele ya wote, akakosea. Nami, kwa mdomo wangu huu, nikasema kwa sauti ile ya chuoni: "Hapana, mzee. Umekosea. Rudia." Rukia akacheka. Hakukusudia, kicheko kilimtoka tu, akajiziba mdomo kwa kanga. Lakini mtoto wa juzi kumkosoa mzee mbele ya mkwewe! Huku kwetu hilo halifanyiki. Mzee Selemani alichukua kofia yake, akachukua fimbo, akasema, "Asante, mwalimu," akatoka. Kipindi kilichofuata walikuja wanne. Rukia hakuwemo.

Nilikwenda kumwomba radhi na kilo mbili za sukari, mama yangu mbele na mimi nyuma. Alitupokea vizuri. Sukari nayo aliipokea.

"Nimekusamehe, mwanangu," akasema. "Lakini sirudi. Nimezeeka mno kukosolewa na mtoto mbele ya watu."

Tukiwa bado tumekaa, Alen, kijana anayetembeza wageni, akapita na wazungu wanne. Kamera juu. Kacha, kacha. Mzee aliinua mkono, akafungua mdomo, neno halikutoka. Alen akacheka, akawaambia wageni kwa Kiingereza kwamba babu anawasalimia. Nilichemka! Kiingereza cha kumjibu Alen nilikuwa nacho, tena cha kumwaga. Ila nilipomtazama mzee usoni nikaona kabisa kwamba maneno yale ni yake kuyasema, si yangu.

Njiani tukakutana na mtendaji. "Mwalimu, magunia yananisubiri," akasema, huku anatabasamu.

"Yasubiri mpaka Ijumaa," nikamwambia. "Ahadi ni ahadi."

Mama akanifinya. Sikujali.

Jumatano ngemo ilikuwa kwa Rukia, kwenye matuta yake ya karoti. Kusema kweli, tangu nirudi kutoka chuo sikuwahi kushika jembe kwenye ngemo. Niliona haya: digrii na jembe! Siku hiyo nilikwenda, kwa hasira zaidi kuliko kwa wema. Kufika saa nne malengelenge yameshatoka. Ndipo nikamsikia Rukia, mwenye shamba, akisema kwa sauti, watu ishirini wakisikia: "Baba, tuta hilo limepinda. Maji yatalibomoa. Naomba urudie."

Nikaacha kulima. Nikangoja mzee atafute fimbo yake aondoke. Wapi! Mzee Selemani aliinama, akalitazama tuta, akasema, "Kweli," akalibomoa na kuanza upya.

Wakati wa kula nikamwendea, nikachuchumaa. "Mzee, mbona yeye umemkubalia?"

Alinishangaa. "Leo ni zamu yake. Mwenye shamba ndiye anayejua shamba lake linataka nini. Hata angekuwa na miaka kumi."

Nikasimama pale pale, viganja vinawaka, nikapaza sauti. "Naomba zamu!"

"Zamu ya nini? Una shamba wapi wewe?" akauliza mama mmoja, na watu wakaangua kicheko kwenye matuta yote.

"Shamba langu ni lile ghala. Ijumaa, baada ya alasiri. Makande nitapika mwenyewe."

"Zamu anaomba aliyelima kwa wenzake," akasema Mzee Selemani. Yeye hakucheka. "Wewe umelima kwa nani?"

"Leo kwa Rukia. Kesho niambie ni kwa nani, nitakuwa hapo. Na nitalima msimu mzima, hata ghala wakilichukua. Ila zamu yangu naitaka."

Alishika jembe akarudi kazini. Alhamisi nililima kwa Bi Salama kutwa nzima, mvua ya rasharasha mgongoni, na hakuna aliyenitajia habari ya Ijumaa. Jioni nikaloweka mahindi na maharage. Mama akauliza, "Ya watu wangapi?" Nikasema ishirini. Akatikisa kichwa. Nikaongeza mahindi.

Ijumaa saa kumi mtendaji alikuwa amesimama mlangoni, na pikapu ya magunia imeegeshwa nje. Ndani nilikuwa mimi na sufuria. Saa kumi na robo, mimi na sufuria.

"Mwalimu, tusipotezeane muda," akasema.

"Siku haijaisha. Kaa, usubiri."

Kisha nikawasikia. Walikuja na majembe begani, kama wanavyokwenda shamba lolote, maana ngemo ni ngemo. Wakayaegemeza ukutani moja baada ya jingine. Mtendaji akahesabu kwa sauti ya chini, akafika kumi, akafika kumi na tisa, akaacha. Wa mwisho kuingia alikuwa Mzee Selemani. Akavua kofia.

"Haya, mwenye shamba," akasema. "Tupange."

Nikampa sentensi yake. Akakosea. Rukia akatazama chini.

"Tuta limepinda, mzee," nikasema. "Rudia."

Akaguna. Akarudia. Alirudia mara saba, mpaka tuta likanyooka. Mtendaji akaondoka na pikapu yake, lakini makande alikula kwanza.

Jumatatu nilikuwa barazani kwa mzee nikinywa chai, Alen akapita na wageni wawili. Mama mmoja wa kizungu akainua kamera. Mzee Selemani akaweka kikombe chini, akasimama.

"Ask me first," akasema.

Kamera ikashuka. Yule mama aliona haya, uso ukamwiva, akaomba radhi. Kisha akauliza kwa adabu zote kama anaruhusiwa kupiga picha moja tu. Alen alikuwa anatazama viatu vyake.

"No," akasema Mzee Selemani, akakaa, akaendelea na chai yake.

Hilo la mwisho sikumfundisha mimi.