Shahidi wa Fundi Friji

Mwanangu alipozaliwa, baba yake, fundi friji mwenye maneno mengi kuliko ufundi wenyewe, aliniruka kimanga. Eti hanijui vizuri. Mtu aliyekuwa akisinzia kwenye kiti changu cha kuoshea wateja nywele, akisubiri nifunge saluni! Nilivumilia mpaka binti alipoanza kuuliza maswali, ndipo nikaenda mahakamani. Nilitaka jina la baba kwenye cheti cha mtoto, na matumizi yake. Mapenzi abaki nayo.

Siku ya kesi akaja na shahidi: mama yake mzazi. Alikuwa ameshampanga aseme kwamba ukoo wao wote anaujua, na mtoto huyu hamjui. Nilimtazama yule mama, kilemba kimekaa sawasawa, mkoba mapajani, nikajua nimekwisha. Mwanamke wa namna ile akisema neno, hakimu anaamini.

Bahati yangu, kesi ilichelewa kuanza, na pale nje palikuwa na benchi moja tu. Binti yangu hana haya hata chembe. Kugeuka hivi, ameshahamia kwa maadui, anapekua mkoba wa yule mama. Nilipokwenda kumchukua, walikuwa wanagombania biskuti, na mama wa watu ndiye aliyekuwa anashindwa. Fundi friji alikuwa kando anaongea na simu. Hakuona kitu.

Ndani, mama alikula kiapo. Hakimu, mzee mwenye mvi na sauti ya upole, akamuuliza kama anamfahamu mtoto yule. Akajibu kwa sauti ndogo kwamba hamfahamu. Hapo hapo binti akanichoropoka, akapanda kizimbani, akavuta miwani ya shahidi.

"Niachie miwani yangu, we mke mwenza," mama akasema.

Karani aliacha kuandika. Mtu mmoja nyuma akajifanya anakohoa.

"Kwenu, mama," hakimu akauliza taratibu, "mke mwenza wa umri huu huwa ni nani?"

Yule mama alimtazama mwanawe, kisha akamgeukia hakimu.

"Ni mjukuu, mheshimiwa," akasema. "Mwanangu, nisamehe. Sura hiyo hiyo nimeiogesha na kuilisha mpaka ikaota ndevu, leo niseme siijui?"

Fundi friji akainamisha kichwa. Kisha akasimama, akasema mtoto ni wake, mama asisumbuliwe zaidi. Hakimu akaamuru jina liandikwe, na matumizi yatolewe kila mwezi bila visingizio. Furaha ilinijaa, nikatamani kupiga vigelegele. Nikakumbuka nilipo, nikajikausha.

Nje, fundi friji alitujia polepole, akachuchumaa mbele ya binti, akafungua mikono. Maneno ya kumpasha nilikuwa nimeyaandaa tangu mwaka juzi, lakini yote yalinipotea. Binti alimwangalia, akaniangalia mimi, akakumbuka adabu niliyomfundisha mbele ya wageni.

"Shikamoo, anko."

"Marahaba," akajibu, na ile mikono akawa hajui aiweke wapi.