Nyuzi Nne

Miaka sita nimetunza stoo ya kampuni inayouza dawa kwa jumla. Nina friji tatu, na kila asubuhi natakiwa kusoma kipimajoto na kuandika daftarini. Insulini haitaki mchezo: nyuzi mbili hadi nane, basi; ikipata joto inaharibika. Mwanzoni nilisoma kweli. Lakini kila siku ilikuwa nne, nikaona ya nini kujisumbua. Nikawa najaza wiki nzima kila Jumatatu, nne, nne, nne, huku nakunywa chai. Aliyenifundisha kazi ndiye aliyenionyesha.

Mwezi uliopita bosi akaleta akili mnemba iamue dawa ipi itoke. Fundi wa mfumo, mama mmoja mpole, aliomba kwanza friji zifungwe vipimo vinavyojisomea vyenyewe.

"Hivyo baadaye," bosi akamjibu. "Tuna daftari limenyooka kama rula." Akanipigia makofi mbele ya watu, na mimi nikachekelea. Mashine ikalishwa daftari langu lote, na kila Jumatatu naiongezea namba zangu za wiki.

Leo nimefungua friji ya tatu, vuguvugu likanipiga usoni. Kipimajoto: ishirini na sita. Mota kimya. Nikapapasa ukuta wa ndani, mkavu kabisa. Friji hii haikufa leo wala jana! Nikageukia skrini: friji ya tatu, nyuzi nne, salama. Yaani ilikuwa inanisomea uongo wangu mwenyewe.

Nje lori lilikuwa linapakiwa insulini ya hospitali, ikiwemo ya friji hii. Nikisema, kazi sina, na nyumbani namlea binti wa marehemu kaka yangu. Ana miaka kumi na moja, anajidunga insulini kila siku. Tena wiki hii tunagombana: sukari imepanda, anakunywa maji kama mchanga, na leo hata shule hakwenda, hana nguvu. Nimemwita mwizi wa peremende. Nimepekua mpaka begi lake. Jana nimemchapa.

Nilitaka kunyamaza. Mungu anisamehe, nilitaka. Nikasema moyoni, labda dawa bado nzima, labda hospitali watagundua wenyewe. Nikashika mlango wa friji niufunge, macho yakatua kwenye rafu ya juu. Pengo la boksi moja. Mimi ndiye niliyelitoa, Jumatatu iliyopita, haraka haraka bila kujali kama lina baridi, nikampelekea mtoto.

"Simamisheni lori!" Sijui sauti ile niliitoa wapi. "Shusheni zote!"

Bosi akaja mbio. "Una wazimu? Mfumo umesema salama!"

"Mfumo umesema nilichouambia mimi. Nimebuni zile namba. Miaka sita, bosi."

Fundi, aliyekuja nyuma yake, aliingiza mkono ndani ya friji, akauacha humo muda mrefu. Akauliza taratibu, "Na friji hizi mbili, tutajuaje kama hazikuwahi kuzima?"

Nilikuwa napiga simu nyumbani. Ikaita, ikakatika. Nikapiga tena. Mara ya tatu ikapokelewa, pumzi zake nzito, za haraka.

"Mwanangu, usiikate hiyo simu. Nakuja, twende hospitali."

"Shangazi," akasema kwa shida, "naapa sijala peremende."