Bado Hatujaomba Njia

Viateur Nzabonimpa, mwashi wa Birere, hakuwa na viatu vya pili, hakuwa na mwavuli, hakuwa na ndugu ofisini, wala cheti chochote zaidi ya kile cha shule ya jioni. Na mwaka ule wa 1957 hata shule yenyewe hakuwa nayo tena. Mzungu mkuu wa kituo cha serikali aliipiga kufuli, akisema mwashi hana haja na desimali.

Kalamu alikuwa nayo. Mara mbili alimwandikia Gavana kule Bukavu, kuomba shule ya Birere ifunguliwe. Mara mbili alipitisha barua kwenye dirisha la nyuma la duka la Bwana Verhaegen, aliyeshika kazi ya posta. Hilo ndilo lilikuwa dirisha la watu weusi. Hawakupewa risiti pale, na hakuna barua iliyojibiwa. Risiti zilitolewa ndani, kwenye gishe, kaunta ya wazungu.

"Tuivunje ile dirisha," alisema Kakule Paulin, muuza maharagwe na mwenzake wa darasani. "Mawe ya volkano ni bure, muzee."

"Tukivunja, watasema walifunga shule kwa haki. Kesho vaa shati safi. Tutapita mlango wa mbele."

"Wakitufukuza?"

"Kwetu mugeni anatoka namna gani?"

"Anaomba njia, na mwenye nyumba anamupa."

"Basi. Hatutaiomba mpaka tupate risiti."

Asubuhi wanafunzi kumi na wanane wa shule ya jioni waliingia dukani kwa mlango wa mbele, kofia mkononi, wakapanga mstari mnyoofu kama ukuta wa Viateur.

"Weye!" Bwana Verhaegen alifoka. "Dirisha yenu iko nyuma!"

"Bonjour, Bwana. Pole na kazi. Naleta barua ya rekomande kwa Gavana, ile ya kupewa risiti."

"Tokeni!"

"Bado hatujaomba njia, Bwana."

"Nitaita pulisi!"

"Tutawangoja, Bwana."

Viateur alijua gereza lilivyo karibu. Lakini Bwana Verhaegen alikuwa peke yake, hakuweza kuacha mfuko wa barua ili akaite polisi. Kila mzungu aliyeingia, walimwamkia vizuri na kumwonyesha mwisho wa mstari.

"Nyuma yangu, Madame," alisema Paulin, akiinama kama padri. "Mimi pia nangoja."

Saa sita kamyo ya Bukavu, lori lililochukua barua, ilipiga honi. Mfuko wa barua ulikuwa bado wazi, mstari haujasogea hata hatua moja. Honi ikalia tena. Bwana Verhaegen, uso mwekundu, akavuta kitabu cha risiti.

Viateur aliisoma risiti yote, neno kwa neno.

"Samahani, Bwana. Nzabonimpa inaanza na N."

Kalamu ikarekebisha.

"Asante. Sasa tunaomba njia."

Lakiri nyekundu ilidondoka juu ya bahasha. Bwana Verhaegen akaigandamizia muhuri, asiinue macho.

"Muende," alisema. "Muende... messieurs." Mabwana! Neno hilo halikuwahi kusikika kwenye dirisha la nyuma.

Barua ikaingia mfukoni, mfuko ukapanda kamyo, na kamyo ikashika njia ya Sake.