Namba Kumi na Saba

Mama Pindo alilisoma jina la mumewe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mtaa, akalisoma tena. Mumewe, fundi mwashi, alikuwa na miaka mitatu kaburini. Lakini pale, namba kumi na saba, alikuwa amekubali kwa hiari yake kuhama ili serikali ijenge Nyumba za Kijani. Na sahihi ameweka.

Nyumba hizo zilisifiwa mpaka basi: umeme wa jua, matangi ya maji ya mvua, kuta za udongo wa kushindilia. Sawa, nani anachukia jua? Ila kwanza ikatwe miti yote ya bondeni, na nyumba thelathini zivunjwe, ikiwemo ile aliyoijenga marehemu kwa mikono yake, ambayo barazani mwake Mama Pindo alishona nguo za watu akasomesha watoto. Miezi sita wakazi waliandamana na mabango aliyoyashona yeye kwa mashuka mabovu. Na kila mara mwenyekiti wa mtaa, mdogo wake marehemu, aliwajibu kwa kupunga karatasi: wenyewe mmeshakubali, kelele za nini?

Sasa alijua majina ya ile karatasi yalinakiliwa wapi. Yeye ndiye katibu wa chama cha kuzikana, na daftari la wanachama hakuwahi kumpa mtu ila huyo huyo shemeji, aliyeliazima siku moja, eti anatafuta namba za simu. Katika daftari lile jina la aliyekufa halikatwi. Mjane huendelea na uanachama kwa jina la mumewe. Marehemu tisa walikaa humo pamoja na wazima. Aliyewahi kuhudhuria kikao kimoja tu angelijua hilo. Mwenyekiti hakuhudhuria hata kimoja. Hata msiba wa kaka yake alikuja amechelewa, akaondoka mapema.

Angeweza kumfuata kwake wayamalize kifamilia. Hakutaka. Alitaka aumie, tena aumie mbele za watu. Akausubiri mkutano wa mwisho wa mradi.

Wiki ya mkutano huo, mwenyekiti akaja barazani na koti la kijivu. Lilikuwa la marehemu, alilirithi.

"Shemeji, nipunguzie mabega. Mkuu wa mradi anakuja."

Mama Pindo akachukua vipimo taratibu, pini mdomoni.

"Nitalitengeneza likukae vizuri," alisema. "Watu watakutazama sana siku hiyo."

Mkutano ukafanyika kwenye ukumbi wa shule. Mkuu wa mradi, mama mmoja wa miwani aliyetoka wizarani, alikaa mezani na mwenyekiti kando yake, koti limemkaa barabara. Mama Pindo akaomba jambo dogo tu: orodha isomwe, kila aliyekubali asimame mkuu amwone.

Namba moja akasimama, akasema hajasaini kitu. Na wa pili vilevile. Kwa wa tatu hakusimama mtu.

"Huyo tulimzika," sauti ikatoka nyuma, na ukumbi ukaangua kicheko. Mwenyekiti akaanza kujifuta jasho.

Ilipofika kumi na saba, hakuna aliyecheka. Mama Pindo akasimama.

"Huyo ni mume wangu. Mwenyewe hawezi kuja. Koti lake limekuja, limekaa hapo kando yako."

Mkuu akaligeukia koti, akamtazama aliyelivaa, kisha akafunga faili. Mradi umesimama, alisema, na hiyo orodha anaondoka nayo kwenda polisi.

Mwenyekiti alimkuta Mama Pindo mlangoni. "Shemeji, umenizika mzima."

"Usijali. Kwenye orodha yako waliozikwa wanasaini vizuri tu."

Akanyoosha mkono. Mwenyekiti hakuelewa.

"Koti," alisema Mama Pindo.

Akalivua pale pale, mtaa mzima ukimtazama.