Madirisha ya Verna

…maana nafuu hii ya madirisha, Orrin, inakatwa kwenye kodi unayodaiwa, na wewe hudaiwi kodi yoyote, kwa hiyo hakuna cha kukata, anasema Bi Marlys, na kidole chake kimeganda kwenye kioo cha kompyuta, hapa maktaba wanapotujazia fomu za kodi bure sisi wastaafu, nami naitikia kwa kichwa kana kwamba kaniambia kesho kuna theluji, eti sidaiwi, mimi niliyekatwa kodi miaka yote ya kupakia chuma bandarini, leo nimekuwa fukara kiasi cha kutosaidiwa, mwenye nacho ataongezewa, kanisani huwa tunaisikiliza hiyo huku tunawaza kahawa… na yule fundi wa madirisha wala hakuwa mwongo, alisema serikali inarudisha karibu theluthi ya gharama, akala keki yangu akasifu, mimi sikumuuliza inamrudishia nani, huku kwetu huulizi mambo ya pesa, utaonekana unamshuku mtu, basi nikatia saini, madirisha yote, na ile mashine ya umeme ya kupasha nyumba joto, tuliondoe lile jiko la kuni lililomkohoza mke wangu mpaka akapelekwa makao ya wazee, na huko Verna anamwambia kila muuguzi, mimi naenda kwangu, Orrin ameziba upepo wote… na hizo pesa za kurudishiwa ndizo za kumlipa mama wa kuja kumwogesha na kumgeuza, bila huyo mama daktari hamruhusu, alisema wazi kabisa…

"Orrin, unanisikia lakini?"

"Nakusikia. Si mbaya."

"Usiniletee si mbaya yako, mimi nakujua tangu shule. Una mtu wa kukusaidia? Yule binti yenu?"

"Solveig ana yake."

…ana yake kweli, watoto watatu na mume asiye na kazi, nimwombe nini, mkono mtupu haulambwi, na akiba yote imo ukutani sasa, vioo viwili viwili, huwezi kubandua dirisha ukalirudisha dukani, nyumba ina joto mpaka natembea na fulana mwezi wa pili, kimya, hata upepo wa ziwani siusikii, kitanda chake nimekwishakiweka sebuleni, mara ngapi nimekitazama nikajiuliza, huyu mama akiondoka jioni, Verna akianguka, na mgongo wangu huu, nitamwinuaje, nitamlaza vipi, akilia nitafanya nini… na sasa si lazima, hilo ndilo limenijia, si lazima tena, mabega yameshuka kama ya mtu aliyetua gunia, ee Mungu, nini hiki, mke wangu harudi nyumbani na mimi hapa kwenye kiti hiki kuna kitu ndani yangu kimefurahi, kimefurahi kabisa, sikitaki na hakitoki, na machozi haya siyo yale anayoyadhani, maana Bi Marlys ameutoa mkono kwenye kompyuta ameuweka juu ya wangu, anasema pole, Orrin, pole sana, najua ulivyotaka arudi.